Chombo nimekishusha

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalam aleikum. Natumai u mzima wewe na wanao, na Bi Zuhura goti limempoa. Sisi huku Leeds hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi tu, na jua likichomoza saa mbili asubuhi ikifika saa kumi na nusu jioni limeshazama. Najua nimekunyamazia tangu harusi ya Rukia, niwie radhi. Nilikusudia kukuandikia habari za Salim, na nitafika huko, lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu juzi na humu ndani sina wa kumwambia. Kassim anasema ndege ni ndege.

Kile chombo cha mbegu za alizeti nilichokutumia picha yake, kilichoning'inia nje ya dirisha la jikoni, juzi asubuhi nilimkuta chiriku wa kijani amekaa kwenye kisahani chake cha chini. Wale wanene, wenye mstari wa njano bawani. Nilipofungua mlango wenzake wote waliruka, yeye akabaki. Manyoya yamemtutumka, yamelowa mate pembeni mwa mdomo, na kila punje aliyoidonoa aliigeuzageuza mdomoni kisha ikamdondoka. Hawezi kumeza. Ana njaa, na chakula kimejaa mbele yake, Mwanaisha! Nilisimama pale mlangoni hadi vidole vikafa ganzi.

Ni ugonjwa wa koo, unaletwa na kimelea. Njiwa wanao tangu zamani, lakini kwa chiriku wa Uingereza ulianza kuonekana mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakafa kwa wingi. Ndege aliyekuwa amejaa kila bustani, tangu 2021 yumo katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini zaidi huku Uingereza. Binadamu haumpati, usinihofie. Ila unapita kwa mate, na mate hubaki kwenye mbegu na maji, kwa hiyo pale pale ninapowakirimu ndipo wanapoambukizana. Basi chombo nimekishusha, nimekisugua kwa dawa na kukikausha, na beseni la maji nimelifudikiza. Vitakaa stoo wiki kadhaa ili ndege watawanyike, kila mmoja akajitafutie kwake.

Sasa Ijumaa hii hadi Jumapili ndiyo ile hesabu ya ndege wa bustanini huku Uingereza, Big Garden Birdwatch. Nilishakueleza: unachagua saa moja yoyote katika siku hizo tatu, unakaa dirishani, na kwa kila aina unaandika idadi kubwa uliyoiona kwa mara moja. Wakija shomoro wanne, wakaondoka, wakaja sita, unaandika sita, maana huenda wanne ni wale wale. Anayepita juu bila kutua humhesabu. Jirani yangu, mtu mwema sana, amenishauri nikitundike chombo kwa saa hiyo moja tu kisha nikishushe. Nimekataa. Nitakaa na chai yangu, nihesabu kitakachokuja, na asipokuja hata mmoja nitatuma hivyo hivyo.

Maana nimelifikiria hili sana. Hesabu hii ilianza mwaka 1979 kama shughuli ya watoto, na sasa zaidi ya watu nusu milioni huifanya kila Januari, wote kwa njia ile ile. Ndivyo ilivyojulikana kwamba chiriku wamepungua, na kwamba shomoro, yule yule wa madukani kwetu Mombasa, anaongoza katika hesabu hii mwaka baada ya mwaka na hata hivyo ni wachache mno kuliko mwanzo. Sasa sisi tuliopata wagonjwa tukinyamaza kwa kuwa bustani zetu ni tupu, si zitabaki za wale walio salama? Watu watasoma matokeo waseme ndege wako vizuri. Utupu wangu nao una habari, lazima ufike.

Haya, Salim. Amemaliza Kidato cha Nne na kutwa yuko na simu ya mamake, lakini picha anazonitumia zote ni za ndege: kwenzi juu ya nyaya, korongo jalalani. Pale makumbusho ya Nairobi kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, aliyaanzisha Fleur Ng'weno mwaka 1971 na watu wa Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wanayaendeleza hadi leo. Wageni wanapokewa. Mtoto ana haya, peke yake hatakwenda, na mamake hapati ruhusa kazini. Wewe uko South B, na Jumatano huingii kazini mpaka mchana. Mpeleke mara ya kwanza tu, dada. Kama kuna ada nitatuma kwa M-Pesa, na darubini yangu ya zamani nitampa Rukia akija.

Yule chiriku sijamwona tena. Nimetazama chini ya ua, nimetazama nyuma ya banda, hayupo.

Basi nijibu, usinilipize kimya changu. Jumatano ijayo utaweza, au tungoje baada ya mtihani wa Amina? Salim umemwona karibuni, anakula vizuri? Bado unawawekea njiwa maji pale barazani, na beseni huwa unalisugua? Na mwenzangu, kule kwenu umewahi kumwona ndege anadonoa punje na kuitema hivyo?

Wako,
Halima