Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tanuri Jipya Tunaliunga Mkono, na Masharti Yetu ni Haya

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa mlioitikia mwaliko wetu, na mama zetu wa ng'ambo ya barabara ambao leo mmekubali kukaa nasi meza moja: assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii, na tuwaombee wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Mfuko wa kufa na kuzikana haukukwama mwaka huu. Mweka Hazina atawasomea hesabu baada yangu, na vitabu vipo mezani kwa anayetaka kuvikagua. Vijana walioomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, uliorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimama kwa zaidi ya mwaka, Katibu atawaeleza wamefikia wapi. Mengine yamo kwenye makabrasha yenu. Mimi nitazungumzia jambo moja ambalo limetugawa mwaka mzima, nalo ni mpango wa kuweka tanuri la umeme kwenye kiwanda cha chuma kinachopakana na yadi yetu ya skrepa hapa Mtwara.

Kamati Tendaji inauunga mkono mpango huo kwa maandishi na kwa masharti. Naomba mnisikilize sababu zake kabla hamjanyoosha mikono.

Kiwanda kile mnakijua. Sehemu kubwa ya skrepa inayopita kwenye mizani yetu inaishia pale, na inatoka ikiwa mifuniko ya chemba, puli na vipuri vya mashine za kusaga. Tanuri lake linachomwa kwa oili chafu. Joto lake linatosha chuma cha kumimina, ambacho huyeyuka karibu nyuzi 1,200. Chuma cha pua, kile cha kutengenezea nondo, kinadai nyuzi 1,500 na ushee, na huko tanuri lile halifiki. Ndiyo maana skrepa yetu nzuri, vipande vya nondo na chesesi za malori, inapakiwa kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 560, kisha inaturudia ikiwa nondo iliyobeba gharama za safari mbili. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika kule Somanga, biashara hiyo ilisimama yote. Mzigo wetu ulilala hapa tukiutazama.

Mji huu umeona chuma kikiondoka tangu zamani. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa miaka ya 1940, kutoka bandarini kwenda Nachingwea, iling'olewa miaka ya 1960, na leo vijana wanaijua kwa jina la kata ya Reli tu. Chuma cha Liganga kule Ludewa tumesikia habari zake tangu utotoni, na reli ya kukileta hapa bandarini bado ni mpango. Mimi naamini ipo siku kitafika. Lakini chuma tulichonacho leo ni hiki cha kwenye magunia na maguta yetu, na naona uchungu kila lori linapoondoka nacho.

Sasa nije kwenye moshi, maana ndio uliotukutanisha.

Kwenye mkutano wa hadhara uliofanyika uwanja wa shule, mama mmoja alikuja na kanzu ya mumewe ya Ijumaa. Hakusema mengi. Aliikunjua mezani mbele ya uongozi wa kiwanda. Mgongoni ilikuwa nyeupe, ila mabegani, upande uliokuwa umetazama juu kwenye kamba, ilikuwa na vidoa vyeusi kama mbegu za ufuta. Akapitisha kidole juu ya kimoja, kikageuka mstari mweusi wa mafuta. Watu walinyamaza. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele, na nawaambia, baada ya pale sikuweza tena kumsikiliza mtu anayesema wananchi wale wanachochewa na wanasiasa.

Ile kanzu ilisema kweli. Oili iliyokwisha tumika kwenye injini inakuja na mabaki ya metali ndani yake, na ikichomwa kwenye tanuri bovu haiungui yote. Inayobaki inapanda na bomba na kushuka kwenye paa za watu. Kusi ikivuma, moshi unaelekea kwenye nyumba za majirani wa ng'ambo ya barabara. Kaskazi ikiingia, unatugeukia sisi wa yadini. Wakulima wenye mikorosho upande wa Naliendele nao wana hoja, kwa sababu mikorosho huchanua msimu huohuo wa kusi, wakati mkulima amekwisha ingia gharama ya salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Hakuna aliyewahi kuwapimia kama masizi yanadhuru maua au hayadhuru. Tumependekeza watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, waombwe rasmi kulifanyia kazi, kwa sababu korosho ndiyo kazi yao na wapo hapahapa.

Wapo waliosema kiwanda kifungwe tu. Nawaheshimu, na baadhi yao wamo humu ndani. Lakini kiwanda kikifungwa, skrepa haitakwisha. Itayeyushwa vichochoroni kwenye matanuri ya mapipa, usiku, bila bomba wala kibali, na mama mwenye kanzu yenye madoa hatakuwa na meneja wa kumwekea mezani. Kiwanda kinachojulikana kinaweza kubanwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko hata ya ajira.

Tanuri linaloombwa ni la umeme. Chungu chake kinazungukwa na koili ya shaba, umeme unapita kwenye koili, na joto linazaliwa ndani ya chuma chenyewe. Hakuna oili wala mkaa unaochomwa, kwa hiyo ule moshi wa mafuta unaondoka moja kwa moja. Tani moja ya chuma inakula uniti 550 hadi 700 hivi, kulingana na usafi wa skrepa na ustadi wa anayeliendesha. Umeme wa huku kwetu kwa miaka mingi umetokana na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Tangu 2015 tunaiona gesi ikiondoka Madimba kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Mwaka 2013 watu wa mkoa huu walisema wazi kwamba wanataka gesi iwaletee viwanda. Tanuri hili ni dogo, lakini ni jibu la aina ile waliyoidai.

Lakini tusidanganyane, umeme haumalizi uchafu wote. Skrepa yenye rangi, grisi au mabati ikitumbukizwa, inafuka palepale. Zinki ya kwenye bati huchemka nyuzi 907, wakati chuma chenyewe bado kiko mbali na kuyeyuka, na inatoka kama moshi mweupe. Wachomeleaji mnaijua homa yake. Mtu anatetemeka usiku kucha, asubuhi anakwenda kupima malaria na haionekani. Kwa hiyo sharti letu la kwanza ni kofia ya kunyonya moshi juu ya mdomo wa tanuri pamoja na chumba cha mifuko ya kuchuja vumbi, vifungwe kabla chuma cha kwanza hakijayeyushwa. Habari ya kwamba vitafuata awamu ya pili hatuitaki. Na vumbi litakalonaswa, ambalo lina zinki na huenda likawa na risasi, ile metali ya kwenye betri, lihifadhiwe na kuondolewa kwa taratibu za taka hatarishi. Lisimwagwe bondeni na mvua ikalipeleka baharini.

Sharti la pili linahusu maji na umeme. Koili ile inapozwa kwa maji yanayopita ndani yake muda wote. Umeme ukikatika chungu kikiwa kimejaa, pampu inasimama, na hapo hatari ni kubwa kwa kila aliye karibu. Tunataka tanki la juu ambalo maji yake yatashuka yenyewe, na jenereta ya pampu inayowashwa na kujaribiwa mara kwa mara. Umeme wa kwetu unajulikana ulivyo, na mtu anayepanga kazi kana kwamba hautakatika anahatarisha watoto wa watu.

Na sisi tuna letu. Kwenye mafunzo yaliyofanyika yadini, fundi aliyetufundisha alichukua shokapu ya pikipiki, moja tu kutoka kwenye rundo lililokuwa tayari kupimwa, akaibana kwenye jiliwa na kuitoboa kwa drili. Ikamwaga mafuta mpaka kwenye buti zake. Akatuuliza, hii ikiingia kwenye chungu cha nyuzi 1,500 itakuwaje? Kitu chochote kilichofungwa chenye mafuta, maji au gesi ndani yake ni bomu mdomoni mwa tanuri: shokapu, mitungi, kompresa za friji. Kuanzia sasa, gunia lolote litakalokutwa na kitu cha namna hiyo ambacho hakijatobolewa halipimwi. Wapimaji wa mizani msione haya kulirudisha, hata likiwa la kwangu.

Betri nazo zisichanganywe na chuma kabisa. Someni habari za Owino Uhuru, Mombasa. Pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu, kimepakana na nyumba za watu. Risasi iliingia kwenye damu za watoto. Kiwanda kilikoma kazi mwaka 2014, lakini kesi iliendelea. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wananchi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Hesabuni miaka hiyo. Mtoto aliyeumia pale alikuwa mtu mzima fedha zikiwa bado zinabishaniwa. Anayesema tufungue kwanza, mazingira tutayaangalia baadaye, hajui baadaye ina urefu gani.

Upande wa ajira nao una somo lake, la mbali kidogo. Port Talbot, kule Wales, walikuwa na matanuri makubwa ya makaa ya mawe. Uamuzi ulikuwa kuyaondoa na kuweka tanuri la umeme la kuyeyusha skrepa, na kwa hewa ni uamuzi mzuri. Lakini tanuri la mwisho la zamani lilizimwa Septemba 2024, na ujenzi wa lile jipya ulianza mwaka uliofuata. Katikati hapo maelfu ya watu wamepoteza kazi. Uboreshaji wao ulianza kwa kuwatoa watu. Hatutaki hivyo hapa. Sharti la tatu ni kwamba vijana wanaomimina chuma pale leo wapelekwe mafunzo ya tanuri la umeme wakati ujenzi unaendelea, walipwe wakiwa darasani, na wawe wa kwanza kuajiriwa. Wengi ni watoto wa wanachama. Wamevuta moshi wa tanuri la zamani miaka yote, haiwezekani tanuri safi likija waletwe wageni.

Haya matatu uongozi wa kiwanda umeyakubali, na yamo kwenye muhtasari uliotiwa saini na pande zote. La nne wamelikataa hadi leo, nalo ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote.

Tunataka vipimo vya hewa vibandikwe ukutani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. NEMC, baraza la taifa la mazingira, watakuja na watapima, na cheti kitatolewa. Hilo ni jema. Lakini cheti kinakaa kwenye kabati la ofisi. Sisi tunaomba kwamba kila mara kiwanda hiki kinapopimwa, matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya Serikali ya Mtaa, kwa Kiswahili, yakionyesha kilichopimwa, kiwango kinachoruhusiwa na kilichopatikana. Tumejibiwa kwamba takwimu hizo ni siri ya biashara na kwamba wananchi hawatazielewa. Mchanganyiko wa chuma unaweza kuwa siri ya biashara, nakubali. Moshi ukishatoka bombani na kuingia kifuani mwa jirani si siri ya mtu tena. Na mama aliyejua kusoma doa la mafuta kwenye kanzu atashindwaje kusoma namba mbili na kuona ipi imezidi?

Wapo wanachama walioniambia niache hili la nne, tusije tukampoteza mwekezaji. Nimewasikiliza na tumelijadili kwenye Kamati, na kura nyingi zilikuwa za kulibakiza. Mwekezaji anayeweza kununua tanuri la umeme anaweza kununua gundi ya kubandikia karatasi.

Kwa hiyo naleta mbele yenu azimio hili. Umoja wetu uiandikie NEMC, Manispaa na uongozi wa kiwanda barua ya kuunga mkono uboreshaji, ikiwa na masharti yote manne. Barua itamke kwamba sharti la nne lisipokubaliwa, hatutasimama kwenye mkutano wa tathmini kama waungaji mkono, tutasimama kama majirani wenye malalamiko. Barua iandikwe pamoja na wawakilishi wa mitaa ya ng'ambo ya barabara, na sahihi zao zitangulie zetu, kwa sababu msimu mrefu wa moshi ni wao wanaoupata.

Kabla ya kura, naomba wanaopinga wapewe nafasi ya kwanza kuzungumza, bila kukatizwa, tukianza na mama zetu.

Naomba kuwasilisha.