Kadi za mapenzi za wazee wetu zisichomwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwenzetu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba kadi za Siku ya Wapendanao ni biashara tupu ya viwanda, na kwamba anayeziweka anaweka takataka. Mimi ni mzaliwa wa Voi, ila kwa sasa naishi Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani. Mji huu ulikuwa ukitengeneza kadi hizo kwa wingi karne ya 19, na maktaba kongwe ya hapa, American Antiquarian Society, bado inazihifadhi.

Biashara ilikuwapo, sikatai. Lakini aliyeivumisha hapa alikuwa msichana, Esther Howland, aliyezaliwa mwaka 1828, binti wa mwenye duka la vitabu na karatasi. Alipomaliza masomo Mount Holyoke, chuo cha wasichana, mwaka 1847 alipata kadi iliyotoka Uingereza, akaona hata yeye anaiweza, tena kwa uzuri zaidi. Baba akamwagizia karatasi, naye akatengeneza sampuli chache, kaka yake akazibeba katika safari zake za kuuzia duka. Inasimuliwa kwamba Esther alitarajia oda za dola 200. Kaka akarudi na za zaidi ya dola 5,000. Ikabidi awaite rafiki zake wa kike nyumbani kwao, akawaketisha mezani kila mmoja na kazi yake: huyu anakata picha za maua, huyu anapanga karatasi, huyu anabandika kwa gundi. Hicho ndicho kilichokuwa kiwanda chenyewe.

Nimeishika kadi moja ya namna hiyo, ya bibi ninayemhudumia. Juu ina karatasi nyeupe iliyotobolewa ikawa lesi, nyembamba kiasi kwamba niliogopa kuipumulia. Nyuma ya lesi wamebandika kipande cha karatasi ya kung'aa, rangi ya chungwa, ili rangi ichungulie kwenye vitundu. Katikati mna vipande vidogo vilivyokunjwakunjwa kama kodiani, navyo ndivyo vinavyoiinua lesi isilale. Nilipoigeuza nikaona herufi H ndogo nyekundu, alama ya Esther. Nje hakuna neno la mapenzi hata moja. Shairi liko ndani, mpaka ufunue, na aliye karibu nawe haambulii kitu. Hapo ndipo waliponikuna hasa.

Esther hakuolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliiuza kampuni yake kwa George Whitney, mtengeneza kadi mwingine wa hapa, na wanasema sababu ilikuwa kumuuguza baba yake. Kampuni ya Whitney nayo ilifungwa mwaka 1942, wakati wa vita, karatasi zilipokuwa adimu. Kadi zimebaki kwa sababu kuna watu waliokataa kuzitupa.

Sasa nije kwetu. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Nairobi miaka ya 1970, mama amebaki Voi na sisi watoto. Alikuwa akimtumia kadi za dukani zenye picha ya waridi na maneno ya Kiingereza yaliyochapwa kwa rangi ya dhahabu. Chini ya maneno hayo aliandika yake kwa kalamu ya wino wa buluu: "Mpenzi wangu, nimekukumbuka mno. Mabati nimeshalipia, mwambie fundi avumilie hadi mwisho wa mwezi. Nibusie mtoto." Mama alizitia zote kwenye mkebe wa biskuti. Alipofariki, zilikuwa zichomwe pamoja na magazeti ya zamani, mdogo wangu akazinyakua. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Bila mkebe ule tusingejua kwamba aliwahi kumwita mama mpenzi.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji. Kadi ya zamani msiipeleke kupigwa lamineti, kwani plastiki ikishashikana na karatasi kwa joto haitoki tena. Selotepu nayo msiitumie, huacha doa la manjano. Andikeni nyuma, kwa penseli laini, nani alimwandikia nani na mwaka gani, maana wajukuu hawatajua. Kisha iwekeni mahali pakavu, mbali na jua, moshi wa jikoni na mchwa. Kuipiga picha kwa simu ni vyema, lakini picha isiwe ruhusa ya kuitupa kadi yenyewe.

Nawe Mhariri, nakuomba utenge pembe ndogo katika toleo la Jumapili, wasomaji walete picha za kadi za wazazi wao na maelezo mafupi. Mdogo wangu yuko tayari kuleta ile ya mabati.

Msomaji wako,
Worcester, Massachusetts