Fort Snelling haikuwa boma la magogo

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe mambo mawili katika makala yenu kuhusu ngome za mwanzo za jeshi la Marekani.

Kwanza, picha. Boma la magogo yaliyochongwa ncha mliloonyesha si Fort Snelling. Ngome hiyo ilijengwa kaskazini mwa Marekani kuanzia 1820 hadi 1825, mto Minnesota unapoingia Mississippi, mahali Wadakota, wenyeji wa asili, wanapopaita Bdote. Kuta zake ni mawe ya chokaa, yamechimbwa kwenye genge lilelile inapokaa. Mafundi walikuwa askari wenyewe, na kuta walizozijenga kwa jasho hilo hazikuwahi kushambuliwa.

Kilichoua kilikuwa ndani ya pipa la nyama. Kikosi cha Henry Leavenworth, kilichotumwa kuanzisha ngome hiyo, kilifika Agosti 1819, wakati wa kupanda mboga umeshapita, kikajibanza kwenye vibanda kando ya mto msimu wote wa baridi. Mgao wa askari kwa siku ulikuwa gramu 510 hivi za unga, gramu 340 za nyama ya nguruwe ya chumvi, na tone la pombe kali. Tumbo hujaa, ila vitamini C hamna. Baada ya miezi michache fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, hata vidonda vilivyopona zamani hufumuka, maana mwili hauwezi tena kushikiza kovu. Kiseyeye kiliwazika makumi ya watu kabla majani mabichi hayajaota. Amri ya 1818 ilikwishazitaka kambi zilime bustani. Bustani hailimwi juu ya theluji.

Pili, watumwa. Mmeandika kwamba utumwa ulikuwa Kusini tu. Jeshi lilimpa kila afisa posho ya mtumishi: mshahara, chakula na mavazi. Baadhi ya maafisa walimweka mtumwa, mshahara wakautia mfukoni. Daktari wa jeshi John Emerson alimleta mtumwa wake, Dred Scott, Fort Snelling mwaka 1836, ilhali sheria ya 1820 ilikataza utumwa katika eneo hilo. Scott alimwoa Harriet Robinson papo hapo ngomeni, naye pia mtumwa. Baadaye Scott alidai uhuru mahakamani kwa hoja kwamba aliwahi kuishi kwenye ardhi isiyo na utumwa. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia, majaji 7 kwa 2.

Msomaji wenu,
Morogoro