Hatuwafichi, mnawashusha njiani

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu habari yenu ya Siku ya Usonji Duniani (usonji, yaani autism, ni ubongo wa mtoto kukua kwa namna yake), ile yenye picha ya mgeni rasmi akikabidhi mafuta ya kula na sabuni, watoto wamepangwa mbele yake na fulana za bluu. Gazeti hili nalisoma tangu nikiwa kazini reli na sijawahi kuwaandikia. Safari hii imenishinda, kwa sababu mmechukua sentensi moja ya hotuba ile mkaifanya kichwa cha habari: wazazi waache kuwaficha ndani watoto wenye usonji.

Umoja wa Mataifa uliitenga Aprili 2 kuwa siku ya usonji mwaka 2007, na kila inapofika nasikia wito huo huo. Sijasoma hata mara moja kwamba mwandishi alimwuliza mgeni rasmi: wakitolewa nje, waende wapi?

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Haongei sana, akitaka maji anakushika mkono anakupeleka kwenye ndoo. Vituo vyote kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo anavijua kwa mpangilio wake, na dereva akipitiliza kimoja anahangaika. Kelele zinamuumiza, mwilini kabisa, kama wewe unavyoumia ukiguswa jicho. Mama yake anaingia kazini alfajiri, kwa hiyo mimi babu ndiye ninayempeleka mjini kwenye kitengo cha elimu maalumu anakosoma. Mwezi uliopita tulipanda daladala lenye spika chini ya kiti cha nyuma, na nafasi tuliyopata ilikuwa juu ya spika hiyo hiyo. Nikamwomba konda apunguze muziki. Akanijibu, "Mzee, gari la watu wote hili." Tulipofika Uwanja wa Ndege mtoto ameshaziba masikio, anajitikisa mbele na nyuma, na baada ya hapo akaanza kupiga mayowe. Kila abiria akawa na la kusema. Mama mmoja akaniambia nimfinye. Kijana nyuma yetu akasema mtoto kadekezwa, kofi moja tu atanyamaza. Dada mwingine akanyoosha mkono amshike kichwa akemee pepo. Mtoto akausukuma, na watu wakaanza kuambiana kwamba kweli pepo lipo. Gari zima, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema redio izimwe! Konda akagonga bodi, tukateremshwa kabla ya Vingunguti, nauli hakurudisha. Mtoto alitulia muda mfupi tu baada ya gari kuondoka na spika yake. Shule siku hiyo hatukufika. Jioni mama yake akaniuliza, kwa sauti ya kuchoka, kama kesho tumwache tu nyumbani. Huyo ndiye mzazi mnayemwandika kwa herufi kubwa kwamba anaficha mtoto.

Nilipokuwa karakana ya reli tulipewa vifuniko vya masikio kwa sababu ya kelele za mashine. Wanaume wazima, wenye afya zao, na hakuna aliyetuambia tuna mapepo au tumedekezwa. Ilieleweka kwamba sikio la binadamu lina kiwango chake. Kwa nini jambo hilo hilo halieleweki kwa mtoto ambaye kiwango chake ni cha chini kuliko chetu?

Kumbebesha mzazi lawama hakukuanza kwetu. Dk. Leo Kanner alieleza hali hii mwaka 1943 huko Marekani, na kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu wa kule walishikilia kwamba inatokana na mama asiyempenda mwanawe. Fikiria mama anayeambiwa hivyo na daktari. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, akaandika kuonyesha kwamba chanzo kiko katika ubongo wenyewe. Leo inajulikana kwamba ubongo wa watoto hawa unakua kwa namna yake tangu mapema mno, na kwamba urithi una sehemu kubwa. Usonji hauambukizi, si uchawi, wala hauletwi na chanjo; ile makala ya 1998 iliyohusisha usonji na chanjo ya surua, jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Lawama ya kusababisha imeondoka kwa mama, na sisi hapa tumembebesha nyingine, ya kuficha.

Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na elimu jumuishi inatajwa katika kila hotuba. Chuo cha Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Vitengo kama cha shule ya msingi Msimbazi Mseto vinajitahidi. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Shule ya msingi yenye watoto elfu mbili ina maana ingekuwa na watoto kama kumi na sita wa namna hii, mbali na wale wasiotulia kitini na wale ambao herufi zinawachanganya kila siku, wanaochapwa kwa uvivu wasiokuwa nao. Shule ya jirani na kwetu, mtoto anakoweza kwenda kwa miguu, tuliambiwa tumpeleke "shule yao". Ndiyo maana tumo kwenye daladala.

Na nikishataja kelele, niseme na hili. Tangu mwaka 2015 nchi hii ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio waliopewa kuzisimamia. Mtaani kwetu baa inapiga muziki hadi saa nane usiku. Asubuhi anapita muuza dawa ya panya na kunguni na kipaza sauti, maneno yale yale yaliyorekodiwa, kutwa nzima. Kuna wagonjwa humu, kuna vichanga, kuna wanafunzi wa darasa la saba. Ukilalamika unaambiwa uhamie kijijini. Mjukuu wangu yeye halalamiki, anaingia chini ya kitanda.

Ninachoomba si kikubwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wanapotoa leseni ya daladala waikague na spika: ibaki moja ya mbele kwa dereva, za chini ya viti zing'olewe zote, na viti viwili nyuma ya dereva viandikwe kuwa vya mtu asiyevumilia kelele, pamoja na anayemsindikiza. Fedha za fulana za bluu zinunue vifuniko vya masikio, vile vile vya viwandani, saizi ya watoto, vigawiwe kliniki. Na ninyi, Mhariri, Aprili 2 ijayo msimtume mwandishi ukumbini. Aje Ukonga saa kumi na moja alfajiri, apande na sisi hadi mjini, na maswali yake awaulize abiria.

Babu wa mtoto mwenye usonji,
Ukonga, Dar es Salaam