Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama, wagonjwa wetu, na ninyi mnaouguza majumbani,

Mwangaluka. Mwaka jana mlinilalamikia kwamba taarifa yangu ilikuwa ndefu kama foleni ya magari pale kwenye kivuko cha Kigongo, Mwanza. Foleni ile imekwisha tangu daraja lilipofunguliwa tarehe 19 Juni, nami nimejitahidi. Wenzetu wa Sengerema na Buchosa ndio wanaojua thamani ya daraja hilo kwa mgonjwa anayekuja hospitali ya Bugando kwa mionzi. Wa visiwa vya Ukerewe na Kome bado wanasubiri maji yatulie.

Tulianza mwaka tukiwa wanachama 64 na sasa tupo 71. Katika mwaka huo tumewazika tisa. Majina yao yatasomwa na katibu, na tutasimama.

Sasa niingie kwenye jambo lililotawala vikao vyetu vyote, nalo ni bangi inayotafutwa kama dawa ya maumivu.

Mwezi Machi mwanachama mmoja alikuja kikaoni na kichupa cha rangi ya kahawia alichouziwa kuwa ni mafuta ya bangi, ujazo wa kidole changu cha gumba. Alikuwa ametuma shilingi 80,000 kwa simu kwa mtu asiyemjua, akaletewa na bodaboda. Karatasi ya nje ilikuwa na picha ya jani na maneno ya Kiingereza. Yule mwenzetu anayefanya kazi famasi aliigeuza akitafuta jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, usajili wa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hakuna hata kimoja. Nikaomba tone moja kidoleni, nikasugua, nikanusa. Mnajua mimi nimekaanga dagaa pale Mwaloni miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Yale yalikuwa mafuta ya alizeti, tena yaliyokwisha kukaangiwa. Mwenzetu alilia, na hakuwa analilia hela. Mama yake alikuwa amelala nyumbani Mabatini, saratani ya mlango wa kizazi imefika mifupani, usiku halali, na binti alikuwa ameweka tumaini lote kwenye kile kichupa.

Siku hiyo niliamua kwamba suala hili halitajibiwa tena kwa minong'ono. Nimeomba msaada kwa mwanachama wetu aliyesomea sheria, na haya ndiyo tuliyokubaliana kamati nzima.

Kwanza, bangi Tanzania ni kosa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho ya 2017, haichezi: kulima au kusafirisha kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Hakuna duka la bangi ya tiba nchini, hakuna daktari atakayekuandikia cheti chake, na anayekuambia anayo njia ya mkato anatafuta hela yako. Chama hiki hakitanunua, hakitaagiza, wala hakitamwelekeza mtu. Mwanachama atakayeleta bidhaa hizo kikaoni atakuwa ametuingiza wote matatani. Hili naomba liingie kwenye kumbukumbu kama lilivyo.

Pili, nina kosa langu la kukiri. Mwezi Aprili nilisema mbele yenu kwamba "Rwanda hapo jirani wamesharuhusu, mgonjwa anajinunulia." Nilisikia kijiweni nikalibeba hivyo hivyo. Si kweli. Rwanda iliruhusu kuanzia 2020 na 2021 kilimo chenye leseni kwa ajili ya tiba na kuuza nje; Mnyarwanda akikutwa nayo nyumbani bado ana kesi. Lesotho walitoa leseni ya kwanza mwaka 2017, na mavuno ya mashamba yale yanatazama Ulaya. Mgonjwa wa Maseru hapangi foleni ya dawa iliyokuwa shambani mwa jirani yake. Nawaombeni radhi, hasa wale wawili mlioanza kuulizia nauli ya Kigali.

Kulikuwa pia na ule ujumbe uliozunguka kwenye simu kwamba "Umoja wa Mataifa umehalalisha bangi." Chanzo chake ni kura ya tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya, iliyopigwa Vienna tarehe 2 Desemba 2020, nchi 27 zikikubali, 25 zikikataa, moja ikijizuia. Kilichotoka pale ni kuiondoa bangi kwenye jedwali la nne la Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, lile la vitu vinavyohesabiwa kuwa hatari sana na vyenye faida ndogo kwa tiba. Jedwali la kwanza bado imo. Na hapa ndipo mwenzetu wa sheria aliponikamata mkono: katika jedwali hilo hilo la kwanza imo pia mofini.

Nilimwambia arudie. Mofini, dawa kali ya maumivu ambayo madaktari wetu wanaiandika kihalali, imekaa benchi moja na bangi. Mkataba ule ule unaozibana dawa hizi unasema waziwazi kwamba matumizi yake kwa tiba hayaepukiki katika kupunguza maumivu, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Kwa mofini mlango upo na una ufunguo: cheti cha daktari, daftari, kabati lenye kufuli mbili. Kilichobaki ni kwamba mlango huo uko mbali na kitanda cha mgonjwa.

Sisemi bangi haina dawa ndani yake. Marekani mwaka 2018 walipitisha Epidiolex, dawa ya maji ya kanabidioli iliyosafishwa, kiungo kimojawapo cha bangi, kwa aina fulani nzito za kifafa cha watoto. Zipo dawa za jamii hiyo kwa kichefuchefu cha tibakemia, zile dawa za saratani, kisichosikia dawa nyingine, na kwa misuli inayokakamaa. Hizo zimepimwa, zina dozi, zina karatasi ya maelezo. Hakuna aliyezipima kwa kuchemsha majani kwenye sufuria. Na hata Uingereza, ambako madaktari bingwa wameruhusiwa kuandika dawa za bangi tangu tarehe 1 Novemba 2018, wagonjwa wengi wanaozipata wanalipa wenyewe kwenye kliniki binafsi, maana hospitali za umma huziandika kwa nadra. Sheria ilifunguka, mfuko wa mgonjwa ukabaki vilevile. Ndiyo maana kamati imeamua nguvu zetu zisiende kwenye mlango ambao hatujapewa ufunguo, wakati ule tuliopewa umeota kutu.

Nirudi kwa yule mama wa Mabatini. Wiki ile ile tulimpeleka binti yake kwa watu wa tiba shufaa, wale wanaopunguza maumivu ya wagonjwa mahututi. Alirudi na chupa ya mofini ya maji, bomba la kupimia lisilo na sindano, na dawa ya kulainisha choo. Kila baada ya saa nne kipimo kimoja, na cha kulalia kikiwa mara mbili yake ili asiamshwe usiku. Siku ya tatu binti alinipigia saa moja asubuhi. Nikajua tayari. Kumbe alitaka kuniambia mama amelala mpaka alfajiri na ameomba uji wa ulezi, tena wenye ndimu. Aliishi majuma kumi na moja baada ya hapo. Binti bado ni mwanachama, ameketi safu ya pili, na ameniruhusu kusema haya.

Sasa mlinganishe na mzee wetu wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Dawa yake ilikuwa inachukuliwa Mwanza, mwendo wa saa tatu hivi kwa meli kwenda na mwingine kurudi, kwa chupa isiyomtosha mwezi. Kituo cha karibu naye hakikuwa nayo. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuiuza, na ni sawa. Mwezi Agosti kijana wake alisimamishwa kwenye mwalo mmoja na askari aliyeinusa chupa na kuuliza ni kitu gani. Alipotaja mofini akawekwa pembeni mpaka meli ikaondoka. Cheti alikuwa nacho, kimekunjwa mara nane, kimelowa jasho, hakisomeki. Alifika kesho yake mchana. Usiku huo mmoja mzee aliupita bila dawa, na mkewe aliniambia kwa simu, "Mwenyekiti, mimi nilitoka nje nikakaa kwenye mtumbwi."

Kutokana na hilo sasa kila anayesafiri na dawa hutolewa nakala mbili za cheti, moja ndani ya plastiki, pamoja na namba ya simu ya kliniki. Gharama yake ni shilingi mia chache.

Kwa nini vituo vidogo havina mofini? Niliuliza sana, nikapata jibu lililonishangaza kwa wepesi wake. Kila nchi hupeleka kila mwaka makadirio ya dawa za aina hii kwa bodi ya kimataifa inayozisimamia, huko Vienna, na haiingizi zaidi ya makadirio hayo. Makadirio nayo hutazama zaidi kiasi kilichotumika. Kituo ambacho hakikuagiza huonekana hakina wenye maumivu. Mwakani kinahesabiwa sifuri tena. Wafanyabiashara wenzangu mnaelewa: ukiacha kuleta dagaa sokoni wiki mbili, mnunuzi anasema huku hakuna walaji.

Basi tumefungua daftari. Tunaandika wilaya, ugonjwa, tarehe, na siku ambazo mgonjwa alikosa dawa ya maumivu. Jina la mtu haliandikwi. Mpaka Desemba tulikuwa na kurasa 23, na nakala yake tumeikabidhi kwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya mbili. Wilaya moja wametuita kuzungumza. Nyingine tunasubiri, na mimi nina kiti changu pale mapokezi, wananijua.

Katika barua zetu tumetaja Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili. Tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kule wanaruhusiwa kuandika mofini. Mgonjwa wa kijijini hasubiri daktari ambaye hayupo. Hili linawezekana kuombwa na watu kama sisi, kwa sababu halihitaji mmea mpya wala mkataba mpya.

Adui mwingine tumemkuta humu humu ndani. Familia nne zilikataa mofini mwaka huu zikisema ni "dawa ya kufia." Wengine waliogopa mgonjwa atakuwa teja. Mtu ana uvimbe wa saratani, ana wiki chache, na ndugu anaogopa uteja! Nisamehewe ukali, lakini nimechoka. Kliniki wanaanza na dozi ndogo na kupandisha taratibu, na mgonjwa anayepimiwa kwa maumivu yake si sawa na mtu anayevuta kichochoroni.

Uzembe nao upo. Baada ya msiba mmoja chupa ilibaki nusu, na shangazi wa marehemu akamgawia jirani vijiko viwili kwa ajili ya jino. Jirani alilala usingizi ambao mtu hapaswi kulala, akakimbizwa hospitali, akapona kwa rehema ya Mungu. Chupa ikibaki irudishwe kliniki. Haigawiwi, haihifadhiwi kwa kumbukumbu.

Fedha sitazirefusha, mweka hazina anazo karatasi. Ada imeingia robo tatu. Tumetumia zaidi kwenye nauli za wagonjwa wa visiwani kuliko tulivyopanga, na salio ni dogo. Wale wenye deni la tangu 2023 mnajijua, na mimi nawajua.

Nafasi ya mjumbe wa Ukerewe iko wazi. Tunamhitaji mtu anayekaa Nansio kwelikweli, si mwenye kiwanja huko na nyumba Buhongwa.

Mazungumzo na ile wilaya ni Jumanne ya wiki ijayo. Daftari linafungwa Jumapili jioni, kwa hiyo mwenye siku ya kukosa dawa ambayo haijaandikwa anione leo kabla ya chai. Kalamu ninayo.