Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Makasha, Mihuri na Bamvua

Ndugu wanachama, viongozi wa vikosi, na wazazi mliotuachia watoto wenu kila Jumamosi, asalaam aleikum. Wazee mliokaa mbele, shikamooni.

Mkutano uliopita mlinituma kazi moja: niwatoe maskauti ukumbini, walikokuwa wakifunga na kufungua mafundo yale yale tangu Januari, niwaingize mjini Mombasa na pwani yake kwa mchezo wa kusaka makasha. Kazi nimeifanya. Imefaulu mahali nisipotarajia, na pale nilipokuwa na uhakika ndipo iliponiaibisha.

Kwa mliojiunga karibuni, michezo ni miwili, na watu huichanganya. Jiokashi ni ya simu na setilaiti. Mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS (setilaiti zinazoonyesha mahali ulipo) yanayotumiwa na raia, na kosa lililoweza kufika mita 100 likashuka hadi mita chache. Tarehe 3 mwezi huo huo mtu aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Sharti lilikuwa jepesi: ukichukua kitu, acha kitu, na uandike daftarini kwamba ulifika. Letaboksi ni mkongwe zaidi. Ulianza 1854 huko Dartmoor, Uingereza, pale James Perrott, kiongozi wa wasafiri, alipoacha chupa kwenye kinamasi cha Cranmere Pool ili wanaofika watie kadi zao. Siku hizi kashani mna muhuri na daftari. Unagonga muhuri wa kasha kwenye daftari lako, na muhuri wako kwenye daftari la kasha. Hakuna simu. Kuna fumbo tu la kukuonyesha njia.

Tulianza na jiokashi kwa sababu vijana wa Mwamba, maskauti wetu wakubwa, waliipenda, na mimi nikadhani simu ndiyo itakayowavuta. Kule Mama Ngina, kwenye bustani ya ufukweni, mambo yalikwenda vizuri: anga wazi, bahari upande mmoja, mibuyu upande wa pili, na makasha yote yakaonekana kabla ya adhuhuri. Kasoro ilikuwa kikundi kimoja kilichosimama kimeduwaa, simu ikiwaambia kasha liko karibu kilomita 900 kaskazini. Aliyewaandikia namba aliweka nyuzi 4 Kaskazini badala ya nyuzi 4 Kusini, na kasha letu likahamia Ethiopia, mbele ya Moyale. Aliyeandika ni mwenyekiti wenu. Tangu siku ile hakuna mtoto katika kikosi kile asiyejua Ikweta iko upande gani wa Mombasa.

Mji wa Kale ndiko simu zilikotushinda. Kati ya kuta ndefu za mawe ya matumbawe na vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye simu. Alama ikawa inaruka: mara uko huku, mara uko nyumba ya pili. Watoto walikuwa wakitembea macho kwenye kioo, wakipita mbele ya milango ya nakshi bila kuinua kichwa. Nikaona hapa tunapoteza mali.

Basi tukaziweka simu mfukoni. Tulimwomba muuza kahawa mmoja atukalie na kasha chini ya meza yake, na kiongozi wetu wa Chipukizi, maskauti wa umri wa kati, akatunga fumbo:

Ngome iacheni nyuma, bahari iwe kulia,
Mlango wa sita koma, yungiyungi latwambia.

Ili uufumbue sharti ujue ngome ni ipi, uhesabu milango, na ulitambue ua la yungiyungi lililochongwa kwenye mbao. Ukifika mlangoni, bado kasha hulioni. Ni lazima umwendee mzee aliye karibu, uamkie, uulize kwa adabu kama kuna barua yenu. Mtoto aliyesahau shikamoo aliambiwa kasha halipo, arudi akajipange. Walirudi mara mbili. Mzee yule sasa ananiuliza mimi kila tukikutana, "Watoto wako lini?"

Hasara ya mwaka ilitupata Tudor. Tulifunga kasha kwenye mizizi ya mikoko, tukalipima, tukaliona liko juu ya maji. Tulilipima siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu! Bamvua, yaani maji makubwa, lilipokuja, kasha, muhuri na daftari lenye majina ya msimu mzima vikaenda zake. Chamani mna wavuvi na watoto wa wavuvi, na hakuna aliyeulizwa. Kuanzia sasa hakuna kasha litakalowekwa ufukweni kabla ya mwenye kujua maji kusimama pale na kuonyesha kwa kidole bamvua hufika wapi.

La pili ni zito zaidi. Kwenye bustani moja ya umma, mlinzi alikuta kopo letu limefungwa kwa utepe mweusi chini ya benchi, akawaondoa watu na kuita polisi. Alifanya sawasawa. Mji huu umeshaona mabaya, na kitu kilichofichwa hadharani hakimchekeshi mtu. Kosa lilikuwa letu. Tulitafuta ruhusa kwa mdomo, na aliyetupa ruhusa hakuwa zamu siku ile. Sasa makasha yote ni ya plastiki angavu, yana maandishi ya Kiswahili nje kueleza ni mchezo wa maskauti, na ruhusa ni ya barua. Kwenye feri ya Likoni, bandarini na karibu na vituo vya polisi hatuweki kabisa. Kuta za Fort Jesus hazigusiwi, hata kwa gundi: tangu 2011 ngome ile imo katika urithi wa dunia wa UNESCO, na hata isingekuwamo, ni yetu.

Fedha ataisoma mhazini. Nitagusa jambo moja, kwa kuwa limezua minong'ono. Baadhi yenu mnataka tununue vifaa vya GPS vya mkononi kwa kila kikosi. Napinga. Dira tunazo, simu za viongozi zinatosha kwa viwanja vya wazi, na mihuri tumeipata bure: watoto wameokota ndara zilizotupwa na bahari, na nyayo zake zikachongwa kuwa kaa, jahazi, birika na kobe. (Wembe hushikwa na kiongozi. Sungura, maskauti wetu wadogo kabisa, huchora tu.) Fedha hiyo afadhali iwe nauli ya kuwapeleka Mwamba Nyeri, kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki 1941. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njia ambayo watoto wetu huchora kwa chaki mwisho wa kila msako: nimekwenda nyumbani. Wanaichora kila wiki na hawajaiona ilipo.

Kwa hiyo naleta mambo mawili ya kupigiwa kura leo: nauli ya Nyeri badala ya vifaa, na kamati ndogo ya mafumbo, ambayo naomba iwe na angalau bibi mmoja wa Mji wa Kale, kwa sababu mafumbo yangu mimi watoto huyafumbua kabla sijamaliza kusoma. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi tunakutana ufukwe wa Nyali kuokota ndara. Maji yatakuwa yamekupwa. Safari hii nimeuliza.