Yai la mama lisigeuzwe bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na washarika wenzangu wa Kilimanjaro, na Wakristo wote ambao makanisa yao bado yana Jumapili ya Mavuno, siku ya kumtolea Mungu sehemu ya mazao. Mimi ni mzaliwa wa Machame, Mlutheri, mwalimu wa Kiswahili. Huu ni mwaka wangu wa nne kufundisha chuoni hapa Saint Paul, Minnesota, nchini Marekani.

Alhamisi ya nne ya Novemba huku ni Siku ya Shukrani. Ofisi zinafungwa na wanafunzi wanakwenda makwao. Nilialikwa chakula cha mchana kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye sinodi yao ya Kilutheri ina undugu wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa, ule unaoitwa Bega kwa Bega. Alishafika Iringa, na maneno hayo matatu anayatamka vizuri kabisa. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaketi, saa sita mchana, simu yangu ikaita. Nyumbani ilikuwa saa tatu usiku, na mama yangu hapigi simu usiku bila sababu. Nikasogea mlangoni, kwenye lundo la makoti na viatu vya theluji, nikamwamkia. Aliitikia haraka, akasema: "Mwanangu, wametangaza kanisani, mavuno mwaka huu ni bahasha na simu tu. Vitu havipokelewi. Na mimi yai nimeshalitia mkaa. Sasa nilipeleke wapi?"

Niwaeleze wasiojua. Nyumbani kwetu mayai yalikuwa na hesabu yake: haya ya chumvi, haya ya mafuta ya taa, haya ya daftari. Mtetea alipotaga kwa mara ya kwanza, mama alichukua kipande cha mkaa jikoni akachora msalaba mdogo juu ya lile yai, akaliweka kwenye kikapu cha maharage. Likishatiwa mkaa hakuna wa kuligusa, hata mgeni aje usiku. Lilikuwa la kanisani.

Mwaka 1993, nikiwa darasa la nne, nililibeba mimi. Mama alilifunga kwa jani la mgomba lililokauka, nikalishika kiganjani njia nzima, na tulipofika kwenye mfereji nilivuka kwa kutambaa ili nisiteleze. Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada. Mzee wa kanisa alipanda juu ya kiti, na chini yake palikuwa na mikungu ya ndizi mshare, madebe ya mahindi, kuku waliofungwa miguu, chupa za maziwa. Zamu ya yai ilipofika, aliliinua kwa vidole viwili, akamtaja mama kwa jina langu, maana mimi ndiye mzaliwa wake wa kwanza. "Hamsini! Nani anaongeza?" Fundi cherehani akalinunua kwa shilingi mia. Alipomaliza kulipa akasema, "Narudisha, liuzwe tena." Likatajwa jina la mama tena, akalinunua mwalimu wetu wa hesabu kwa mia mbili, naye akarudisha. Mara ya tatu lilichukuliwa na mama mwenye duka kwa mia tatu. Yeye alipita katikati ya watu akampa bibi mmoja mjane aliyekaa juu ya jiwe. Bahasha ya ahadi ya mama yangu mwaka ule ilikuwa tupu. Lakini aliitwa mara tatu mbele ya usharika mzima kwa ajili ya yai moja. Tukirudi nyumbani alikuwa mbele yangu, anaimba, na mimi nilikuwa nakimbia kumfuata.

Ndicho nilichokuwa nacho kichwani niliporudi mezani.

Desturi ya huku ni kila mtu kusema anachoshukuru kabla ya kula. Wengi hutaja afya na familia, na mwaka wa kwanza nilisema hivyo hivyo mimi. Mama mwenye nyumba ana njia yake. Anashika sahani moja moja na kusema kilichomo kimetoka wapi. Bata mzinga alifugwa na jirani yao wa zamani. Hata mimi nimejifunza kwamba Minnesota ndiyo inayoongoza Marekani kwa ufugaji wa ndege hao. Viazi vilitoka shambani kwa kaka yake, kusini mwa jimbo. Alipofika kwenye wali alikaa sana. Ni mpunga wa asili, mweusi, mwembamba kama sindano, unaoota wenyewe kwenye maziwa ya kaskazini, na huvunwa na Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, kwa mtumbwi. Mmoja anasukuma mtumbwi kwa upondo, mwenzake ana vijiti viwili: kwa kimoja anainamisha mashina juu ya mtumbwi, kwa kingine anayapiga polepole. Punje zilizoiva zinaanguka mtumbwini, nyingine zinaanguka majini na kuwa mbegu ya miaka inayokuja. Nilimwomba aeleze tena, kwa sababu nilikuwa kama namwona mama yangu akipepeta.

Halafu akaweka sahani chini, akataja na ardhi yenyewe. Alisema Rais Lincoln alitangaza siku hii ya kitaifa mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba mwaka ule ule Wadakota, kabila la wenyeji wa asili wenye ardhi hii tuliyoketi, walifukuzwa Minnesota kwa sheria. Desemba 1862 wanaume 38 wa kabila hilo walinyongwa kwa siku moja mjini Mankato. Wanawake, watoto na wazee walipitisha majira ya baridi kambini chini ya ngome ya Fort Snelling, na wengi walifia hapo. Uwanja wa ndege nilioshukia mimi na begi langu uko jirani kabisa na mahali hapo. Mjukuu mmoja akauliza, waliobaki walipelekwa wapi? Bibi yake akamjibu: Crow Creek, Dakota Kusini. Kisha akaomba, tukala.

Nawaambia kweli, Mhariri, sijasikia sala ya chakula kama ile. Usiku nikafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Mwisraeli anaambiwa achukue malimbuko, ayatie kikapuni, akipeleke mwenyewe. Kuhani anakipokea mkononi mwake. Na hapo mtu hapigi magoti akaondoka. Anatakiwa asimulie: baba yangu alikuwa mtu wa kutangatanga, alishuka Misri, tulitumikishwa, tulilia, tukatolewa, na sasa haya ndiyo mazao ya nchi niliyopewa. Uchungu wote umo ndani ya maneno ya shukrani. Kisha anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Mimi hapa ndiye mgeni, na nimefurahishwa.

Wanafunzi wangu huuliza kila mwaka "ahsante" maana yake nini hasa. Nawaambia asili yake ni Kiarabu, umefanya vyema. Ukiisema lazima mbele yako awepo aliyefanya.

Sasa narudi kwa viongozi wa usharika wetu, na nawaheshimu. Najua sababu zao, sikuzisikia kwa umbea. Mnada unakwenda mpaka saa tisa, watoto wana njaa. Ndizi zisiponunuliwa zinaiva ofisini kwa mchungaji. Washarika wengi sasa wanakaa mjini, hawana hata mche wa mchicha, na mhazini anapata shida ya hesabu vitu vinapokuwa vingi. Bahasha haiozi. Na mimi mwenyewe kwa miaka mitatu iliyopita nimetuma mavuno yangu kwa simu. Nilikuwa nabonyeza namba nikiwa kituo cha basi, ujumbe unarudi kwamba fedha imepokelewa, basi linakuja, napanda. Sikumbuki mwaka hata mmoja kati ya hiyo mitatu nilisimama nikajiuliza fedha ile imetoka katika kazi gani, nani alinisaidia kuipata. Hilo nakiri mbele ya wasomaji. Ndiyo maana siwezi kunyamaza wakati njia yangu ya haraka inafanywa kuwa njia ya kila mtu, mpaka na mama wa miaka 74 ambaye alichonacho ni kuku.

Nani anayeumia vitu visipopokelewa? Si mwenye mshahara. Mwenye mshahara anabadilisha mkono tu. Anayeumia ni yule ambaye fedha hana na kitu anacho. Yeye mnamwambia kwamba alichopewa na Mungu hakifai mpaka kwanza akakiuze sokoni kwa bei ya mlanguzi, alete shilingi kadhaa ndani ya karatasi iliyofungwa, jina lake lisisikike na mtu.

Ombi langu ni dogo. Wenye fedha walete fedha, hata kwa simu. Lakini meza ya vitu iwekwe, na mnada ubaki, hata ukiwa wa nusu saa. Kila kitu kinachoinuliwa, mwenye nacho aseme kimetoka wapi: shamba la tambarare, ng'ombe aliyepona, kahawa iliyonusurika. Na sisi tulio mbali tuambatanishe maneno mawili matatu, mtu atusomee. Mwaka huu nimeandika yangu: fedha hii imetokana na wanafunzi kumi na mmoja walioanza bila kujua hata "jambo", na mama mmoja wa Saint Paul aliyenipa koti la baridi wiki yangu ya kwanza. Nimempa mdogo wangu, atasimama ayasome kama ataruhusiwa.

Mama nimemwambia alipeleke. Alifunge kwa jani kama zamani, akae benchi la mbele. Wakikataa kulipokea mezani, asubiri ibada iishe, atoke nalo nje mpaka pale penye lile jiwe. Mdogo wangu atapanda juu yake aanze na bei. Mimi nitakuwa kwenye simu, ingawa huku itakuwa usiku wa manane, na mia ya kwanza ni yangu. Na nitarudisha.

Mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Machame
Saint Paul, Minnesota, Marekani